Dhamira au maudhui? Swali la mwanafunzi aliyevuka mpaka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilisoma Arusha hadi kidato cha pili, kisha tukahamia Kajiado, Kenya. Kwenye zoezi la fasihi kuhusu hadithi ya Kima na Papa niliandika: "Dhamira za hadithi hii ni urafiki na usaliti." Mwalimu akakata, akaandika pembeni: "Hayo ni maudhui." Arusha kwa jibu kama hilo nilikuwa nawekewa vema. Akakata pia sentensi hii: "Mwandishi anasema punda hana moyo wala masikio." Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Sentensi ya kwanza si kosa la kutojua. Umevuka mpaka, na istilahi nazo zina mpaka wao.

Darasani Tanzania kazi ya fasihi hutazamwa kwa pande mbili, fani na maudhui. Fani ni namna jambo linavyosemwa: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Maudhui ni yale yanayosemwa, na humo ndani mna dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa. Kwa hiyo maudhui ni kapu, na dhamira ni mojawapo ya vilivyomo: usaliti, tamaa, nafasi ya mwanamke, na kadhalika. Ndiyo maana mwanafunzi wa Arusha husema "dhamira kuu" na "dhamira ndogondogo".

Kenya, masuala hayohayo ndiyo huitwa maudhui. Dhamira huko ni kusudi la mtunzi, kile alichokuwa anakitafuta alipoamua kutunga. Aghalabu utaikuta katika umoja: dhamira ya mwandishi. Mwalimu wako alipokutana na "dhamira za hadithi hii", alisoma "makusudi ya hadithi hii", na urafiki si kusudi.

Ukiniuliza lipi liko karibu zaidi na Kiswahili cha kila siku, nitasema la Kenya. Neno limetoka kwenye Kiarabu, ambako linagusa kile kilichofichika ndani ya mtu. Sisi tunalo kudhamiria, tunaye ndugu yake dhamiri, ile sauti inayomsuta mtu akiwa peke yake. Mama akisema "mwanangu amedhamiria kusoma", anazungumzia nia. Hata hivyo matumizi ya Tanzania yana mizizi mirefu madarasani na katika vitabu vya uhakiki, na siwezi kuyaita makosa. Andika kwa istilahi za mtahini wako. Ukiandikia wasomaji wa pande zote mbili, eleza mapema unalitumia neno kwa maana ipi.

Lakini sentensi yako ina upungufu ambao ungebaki hata Arusha. "Urafiki na usaliti" inatosha kubandikwa kwenye hadithi mia. Hebu tuirudie hii moja. Kima anaishi kwenye mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia Papa matunda kila siku. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni. Katikati ya maji anamwambia kweli: sultani wetu anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha mtini, laiti angeambiwa mapema angekuja nao. Papa anageuza. Kima akishaufikia mti, harudi tena.

Sasa tazama palipo na uzito. Papa anasaliti, ndiyo, lakini anashindwa kwa sababu anasema kweli akiwa bado safarini. Kima naye anaokoka kwa uongo. Jaribu basi: "Hadithi inaonyesha kwamba anayesalitiwa huokolewa na akili yake, wala si na wema aliowahi kutenda." Matunda yote yale hayakumsaidia Kima hata kidogo. Hiyo ni sentensi inayoweza kubishiwa, na mhakiki anaanzia hapo. Ukiipeleka Arusha utaiita dhamira, ukiipeleka Kajiado utaiweka chini ya maudhui ya usaliti.

Hukuuliza kuhusu msuko, yaani namna matukio yanavyofungamana, ila tumeshaugusa. Kisa hutembea kwa -ka-: Papa akambeba, akamwambia, akageuza, Kima akapanda. Msuko huanza unapoweka "kwa sababu": akageuza kwa sababu aliamini moyo huachwa mtini. Mwangalie msusi wa mikeka. Ukindu uliolala chini umepangwa tu. Ukishapitishwa mmoja juu ya mwenzake unakuwa ukili, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka, na ukiuvuta mmoja, nyingine zinafuata. Toa lile neno la Papa katikati ya maji uone kama hadithi itasimama.

Sentensi ya pili ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu, maana hapa mwalimu wako yuko sahihi pande zote za mpaka. Nani anasema punda hana moyo wala masikio? Papa anapomwita Kima ashuke, Kima anauliza: unanifanya mimi punda wa dobi? Kisha anamsimulia Papa kisa kingine. Simba mgonjwa anamtuma Sungura amletee punda. Punda anaponea mara ya kwanza, anarubuniwa, anarudi, anauawa. Sungura anakula moyo na masikio kwa siri. Simba anapoviulizia, Sungura anamjibu kwamba punda huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Hesabu midomo. Sungura anamwambia Simba. Kima anamwambia Papa kwamba Sungura alimwambia Simba. Msimulizi anatuambia sisi yote hayo. Na aliyeiweka hadithi hii kitabuni, Edward Steere, aliyechapisha mkusanyo wa hadithi za Unguja mwaka 1870, hakuitunga; aliipokea kwa Waswahili waliomsimulia. Mwandishi unayemtaja hayumo kabisa. Tena mdomo wa kwanza ni wa mwongo: Sungura anaficha wizi wake. Ukisema "mwandishi anasema", unaugeuza uongo wa Sungura kuwa imani ya mtu asiyehusika, na utamu wote unapotea, kwamba neno lililotungwa kufunika wizi linageuka, mdomoni mwa Kima, kuwa kweli kabisa.

Kwenye hadithi za simulizi mtaje msimulizi, au mhusika mwenyewe. Kwenye riwaya fanya vivyo hivyo, hata pale anayesimulia anaposema "mimi". Sentensi yako ningeiandika hivi: "Kima anayatumia maneno ya Sungura, kwamba punda hakuwa na moyo wala masikio, kumjulisha Papa kuwa yeye harudi mara ya pili."