Ugomvi wa LUKU: tatizo sio hela

Mkuu umeuliza ufanyeje na wapangaji wenzako wanaogombania LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla), hesabu umewapigia na bado hawaelewani. Nimekaa nyumba za kupanga hapa Dar muda mrefu, Mbagala mpaka Tabata, nakwambia hesabu hapo haisaidii kitu.

Chukua mfano taa ya koridoni mnayogombania. Balbu ya wati 9 ikiwaka usiku kucha mwezi mzima inakula kama uniti 3, shilingi elfu na kitu, mkigawana watu sita ni hela ya andazi. Na wote wanajua! Kinachowauma ni nani ataonekana kashindwa.

Kule Tabata kulikuwa na jamaa na dada mmoja wanatazamana milango. Jamaa anasema friji lako ndo linamaliza umeme, dada anasema pasi yako, kila shati unanyoosha. Umeme ukakata, sisi wengine tushatoa mchango, jamaa akanunua, tokeni ikaingia kwenye simu yake, zile namba 20, halafu akagoma kuziingiza mpaka dada atoe chake, na dada nae akagoma. Nyumba nzima giza, watoto wanafanya homuweki kwa tochi ya simu, samaki wa dada wanaanza kunuka humo kwenye friji na hasemi kitu, mara simu ya jamaa ikaisha chaji, akaenda kuchajisha dukani kwa hela, yani umeme kashaununua umo ndani ya simu hiyohiyo anayoilipia chaji! Tulicheka mpaka machozi ila wenyewe walikuwa wamenuna kwelikweli, hata salamu hakuna.

Aliyemaliza ni mjumbe. Hakuuliza nani mkosaji, alisema tu "mwanangu lete hiyo simu", akasogea kwenye mita akabonyeza namba mwenyewe, mchango wa dada akaupokea yeye na kumfikishia jamaa kesho yake. Hakuna aliyeonekana kasalimu amri, na wote wawili walikuwa wanasubiri hicho tu, nina uhakika.

Kwahiyo weka kalkuleta pembeni, tafuta mtu mzima wanaemheshimu wote ashike hela ya umeme yeye. Halafu mwombeni mwenye nyumba awaruhusu kufunga submita kila chumba, yani mita ndogo ya kuonyesha kila mmoja katumia kiasi gani, ila nani anamlipa fundi mkubaliane kabla hajafika, akishafika na bisibisi mkononi mtaanza upya.