Bwawa limegeuka kijani, perege wanahema juu

SWALI: Bwawa la kijiji chetu limekuwa kijani kama mlenda. Alfajiri perege huja juu kuhema, mchana hutulia. Tumeambiwa tumwage chokaa. Ni sawa? Vijana pia huosha humo mabomba ya kupulizia mikorosho.
Msomaji, Nachingwea, Lindi

JIBU: Chokaa acheni. Ile ya kujengea hupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali majini) ghafla, na amonia, yaani gesi itokanayo na uchafu wa samaki, iliyomo majini huwa sumu kali zaidi kwa samaki.

Kijani hicho ni mwani. Mchana hutoa oksijeni, usiku huitumia, ndiyo maana samaki hutaabika kabla ya jua kuchomoza. Pimeni hivi: fungeni sahani nyeupe kwa kamba, ishusheni majini saa sita mchana. Ikipotea machoni kabla ya sentimita 20, mwani umezidi. 30 hadi 40 ni salama. Msiuue wote kwa mpigo, maana ukioza humaliza oksijeni iliyobaki.

Mwani hulishwa na samadi na mbolea zinazosombwa na mvua. Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika nje ya bwawa, na muache ukanda wa nyasi wa mita 10 hivi kulizunguka. Bustani za mchicha zisogee nyuma, hata wenyewe wakinuna.

Kuhusu mabomba, hakuna mjadala: yasioshwe bwawani. Salfa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, si tishio kubwa kama viuadudu vya mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi yake. Vile vya jamii ya pairethroidi huua samaki hata vikiwa kidogo sana. Bomba lisuuzwe mara 3 shambani, na maji hayo yapuliziwe mikorosho ileile.