Nauza sarafu za zamani mtandaoni, mauzo hayajafika milioni 4, je nadaiwa kodi?

SWALI: Shikamoo kaka mhasibu. Mi ni mwalimu wa sekondari hapa Lindi mjini. Toka nipo chuo nakusanya sarafu na noti za zamani, zingine aliniachia babu yangu. Mwaka juzi nikaanza kuposti insta na kwenye magrupu ya wasap, wateja wengi wako Dar na Arusha, wanalipa kwa M-Pesa na mzigo naupakia kwenye basi. Mwaka jana ukijumlisha imeingia kama milioni 3 na laki 4. Mwalimu mwenzangu kasema chini ya milioni 4 hamna kodi nisihangaike, mwingine kasema TRA wanaona kila hela inayopita kwenye simu na ntapigwa faini. Nani mkweli? Halafu nina sarafu moja ya Kilwa, kuna mteja yuko Ujerumani anaitaka, naweza kumtumia?

JIBU: Marahaba mwalimu, na nashukuru umeuliza mapema, wengi wanakuja hapa ofisini kwangu Mtwara wakiwa na barua ya makadirio mkononi tayari na hapo kazi inakuwa ngumu. Wenzako wote wawili wamepatia nusu. Huyo wa milioni 4 kaisema sheria iliyopo kweli ila haikuhusu wewe, ntakueleza kwa nini, na kwa watu wa mshahara hapa ndo kwenye mtego.

Kwanza tuanze na kitu chenyewe. Sio kila anayeuza kitu chake anafanya biashara. Ukiuza kabati lako la nyumbani au ukauza sarafu alizokuachia babu kwa sababu unataka kupaua, hiyo sio biashara, na ile kodi ya faida ya kuuza mali inakamata ardhi, majengo, hisa na vitu vya aina hiyo, sarafu za mtu za kwenye kopo la kahawa hazimo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inapoeleza maana ya biashara inatoa nje kabisa shughuli ambayo ukiangalia asili yake, na ukiangalia kazi kuu ya mwenyewe, haifanywi kwa lengo la kupata faida. Hapo ndo mkusanyaji wa kawaida anapojificha na yuko halali kabisa. Ila sheria hiyo hiyo inasema pia hata dili moja tu likiwa na sura ya kibiashara linahesabika ni biashara, kwahiyo usije ukaniambia "mi nauzaga mara moja moja tu".

Sasa angalia mwenyewe unachofanya. Ulipoenda kununua zile sarafu mwaka jana, ulikuwa unanunua ukae nazo au ulikuwa unanunua huku unajua fulani wa Arusha anaitaka? Mi huwa nawauliza wateja swali hilo hilo na mara nyingi jibu linatoka lenyewe. Kama unanunua heller, zile sarafu za enzi za ukoloni wa Mjerumani, kwa wazee wa Mikindani, unazipiga picha, unaziposti kesho yake kwa bei ya mara mbili, basi hizo ni bidhaa, haijalishi unazipenda kiasi gani. Na kitu kimoja watu hawakijui, kubadilishana nako ni mauzo. Ukimpa mtu senti 20 za mbuni kumi akakupa heller iliyofuliwa Tabora 1916, kama ni mzigo wa biashara hapo umeuza kwa thamani ya hicho ulichopokea, japo shilingi haijapita.

Kwahiyo wewe una vitu viwili ndani ya nyumba moja, una mkusanyiko na una biashara. Ushauri wangu wa kwanza kabla hata ya TRA ni uvitenganishe, leo hii, sarafu za babu na zile ambazo hauziuzi weka kwenye albamu yake, za kuuza weka kwenye boksi lake, na line ya simu ya kupokelea hela za sarafu iwe tofauti na ile mkeo au mumeo anakutumia hela ya umeme.

Haya, milioni 4. Kuna utaratibu wa kodi ya wafanyabiashara wadogo wa hadi mauzo ya milioni 100 kwa mwaka, huo ndo una yale madaraja ambayo watu wanayakariri. Mauzo yasiyozidi milioni 4 hamna kodi. Kutoka milioni 4 mpaka 7 asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000, anayetunza analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kutoka 7 mpaka 11 asiye na kumbukumbu analipa 250,000, mwenye nazo analipa 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Yaani mama wa vitenge aliyeuza milioni 6 akiwa na daftari anatoa 60,000, asipokuwa nalo anatoa laki, tofauti ya elfu 40 kwa sababu ya daftari la kaunta.

Ila utaratibu huo umewekewa sharti, kipato cha mtu huyo cha mwaka mzima kiwe kinatokana na biashara PEKE YAKE. Mwalimu wewe una mshahara. Ukishakuwa na mshahara unatoka kwenye yale madaraja, hata kama umeuza sarafu za milioni moja, unakwenda kwenye viwango vya kawaida vya mtu binafsi na faida yako ya sarafu inakaa juu ya mshahara wako. Hili nimelieleza kwa manesi, kwa askari, kwa watu wa bandarini hapa, na kila mara mtu anashtuka kwa sababu kasikia milioni 4, milioni 4.

Lakini usiogope bado, kwa sababu kwenye viwango vya kawaida hawaangalii mauzo, wanaangalia FAIDA. Hebu tufanye hesabu ya mfano, sijui mshahara wako, nachukua wa 800,000. Ukitoa asilimia 5 ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi, inabaki 760,000 kwa mwezi ambayo ndo inakatwa kodi, kwa mwaka ni 9,120,000, na PAYE yake, yaani kodi ya mshahara, ni 68,000 kila mwezi, hiyo mwajiri keshakata haikuhusu tena. Sasa sarafu, umeuza 3,400,000. Sarafu hizo ulizouza ulizinunua kwa 1,900,000. Nauli za kufuata mzigo Mikindani na Kilwa, ada za kupakia kwenye basi, vibahasha vya plastiki, sehemu ya bando, tuseme 300,000. Faida ni 1,200,000. Kwa mshahara huo kila shilingi inayoongezeka juu ya 9,120,000 inaangukia kwenye asilimia 25 mpaka ifike milioni 12, kwahiyo kodi ya sarafu zako ni 300,000 kwa mwaka. Mwenye mshahara mdogo itakuwa asilimia 20 au hata 8, mwenye mkubwa asilimia 30.

Angalia vizuri pale niliposema "sarafu hizo ulizouza". Kama mwaka jana ulinunua za milioni 2 na laki 6 ila zilizotoka ni za 1,900,000, zile za laki 7 zilizobaki kwenye boksi huzitoi kwenye hesabu ya mwaka huo, zinavuka nazo mwaka unaofuata na zitatolewa siku zitakapouzwa. Wengi wanakosea hapa, wanatoa manunuzi yote halafu wanaonekana wamepata hasara, wakiulizwa mzigo uko wapi wanaonyesha boksi limejaa. Desemba 31 usiku kaa chini uhesabu boksi, andika kila kilichomo na bei uliyonunulia, weka tarehe.

Na daftari lenyewe halitaki mambo mengi. Nakuandikia mstari mmoja uone: "14/8, heller 5 ya tundu, 1913, nimenunua Mikindani kwa mzee, 15,000, nauli 6,000. Imeuzwa 2/9, Arusha, M-Pesa 40,000, basi 5,000." Basi. Mzee wa Mikindani hana risiti na hawezi kukupa, kwahiyo chukua karatasi muandikishane jina, kiasi, tarehe, asaini au aweke dole gumba, piga picha ya sarafu ikiwa juu ya karatasi hiyo. Meseji za M-Pesa usizifute, chukua skrinishoti au omba taarifa ya miamala. Sheria inataka kumbukumbu zikae miaka 5, simu za siku hizi hazikai miaka 5 kwahiyo weka nakala sehemu nyingine.

Kuhusu huyo aliyekutisha na simu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa Kamishna Mkuu wa TRA nguvu ya kudai taarifa kwa mtu yeyote anayeweza kuwa nazo, na mahali ambapo hakuna kumbukumbu anaruhusiwa kukadiria kwa kadri anavyoona. Hilo la kukadiriwa ndo linaloumiza. Nilimsaidia jamaa mmoja wa vinyago hapa Mtwara, yeye alikuwa na line moja kwa kila kitu, michango ya harusi ya mdogo wake imepita humo, hela ya korosho za familia msimu wa Oktoba imepita humo, vyote vikahesabiwa mauzo ya vinyago kwa sababu hakuwa na hata kikaratasi cha kuonyesha ipi ni ipi. Tulikaa wiki tatu tunapiga simu kwa ndugu mmoja mmoja waandike barua kwamba ile laki mbili ilikuwa mchango. Ilipungua lakini haikuisha yote, yule kaka alikonda mwalimu, na alikuwa mtu mwaminifu tu ambaye hakuandika.

Sasa cha kufanya. TIN, yaani namba ya mlipakodi, unayo au huna? Walimu wengi wanayo ya leseni ya udereva ila sio ya biashara. Mtu anakuwa na TIN moja tu, usiombe ya pili, unaenda ofisi ya TRA Lindi au unaingia kwenye mfumo wao unahuisha iwe ya biashara, ni bure, yeyote anayekudai hela ya TIN huyo ni tapeli. Sheria inataka ujiandikishe ndani ya siku 15 toka uanze biashara, wewe umeshapitiliza, kwahiyo nenda mwenyewe ukajieleze, anayekwenda mwenyewe na daftari lake anasikilizwa tofauti na anayefuatwa. Makadirio ya mwaka unayawasilisha kabla ya Machi 31 na kodi yake unaweza kulipa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ritani, yaani taarifa ya mapato halisi, ya mwaka uliopita mwisho ni Juni 30. Mwaka jana na mwaka juzi andaa zote mbili hata kama daftari huna, jenga upya kutoka kwenye meseji na posti zako za insta, posti zina tarehe na bei, zinasaidia sana.

Leseni ya biashara ni habari ya halmashauri, waulize pale manispaa. Mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti, bado, hiyo inaanzia mauzo ya milioni 11. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, haikuhusu kabisa, hiyo ni kuanzia milioni 200.

Nimeiacha ya Kilwa mwisho kwa sababu sio swali la kodi na ndo limenikosesha raha. USIITUME. Kitu chochote kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya mwaka 1863 kwa sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 kinalindwa, hakitoki nchini bila kibali, na sarafu za masultani wa Kilwa ni za karne nyingi kabla ya hapo. Heller na rupia za Mjerumani ni za baada ya mwaka huo, haziko kwenye kundi hili. Mteja wa Ujerumani akikwambia uiweke kwenye bahasha kama zawadi, mkatalie, atakayekamatwa ni mtumaji.

Na ukiacha sheria, mwalimu, hebu iangalie hiyo sarafu ukiwa na lenzi mchana. Ni kishaba kidogo tu lakini maandishi ya upande mmoja yanatoa vina na maandishi ya upande wa pili, jina la sultani linakuja kujibu mstari wa nyuma. Watu wa pwani yetu hii walikuwa wanafua hela yenye shairi. Kwa kodi usiiingize kwenye daftari la mauzo wala kwenye boksi la kuuza. Iandike ulipoipata na lini, ipige picha pande zote mbili, halafu wasiliana na idara ya Mambo ya Kale, uwaambie unayo. Ukienda nipigie kabla, ntakuandalia barua ya maelezo uende nayo.