Maswali Yenu: Mkaguzi wa Fedha za Marekani

Assalaam alaykum. Shirika letu liko Langoni, Lamu. Tunafadhiliwa na shirika la Marekani ambalo nalo hupata fedha kutoka serikali yake, na sasa linataka tukaguliwe. Wakaguzi watatu wametuletea bei, na mmoja anataka karibu nusu ya wenzake. Kamati yamtaka huyo. Je, kuna ubaya? (Mhasibu, Langoni)

Wa alaykum salaam. Kabla ya kufika kwenye bei, ufungueni mkataba. Mwaka 1984 Marekani ilipitisha sheria ya ukaguzi mmoja, ili anayepokea ruzuku kutoka idara tano asiletewe wakaguzi watano. Sheria hiyo sasa inahusu majimbo, miji na mashirika ya huko huko. Nyinyi wa Langoni haiwafungi moja kwa moja. Mnafungwa na mlichotia sahihi. Huenda mkataba wataka hesabu zote za shirika zikaguliwe, au mradi mmoja tu, au vocha za aina fulani. Hizo ni kazi tatu na bei zake ni tatu. Pateni pia kwa maandishi kwamba ada ya mkaguzi imo katika bajeti ya mradi, kwa sababu kanuni za Marekani hukataa kulipia ukaguzi ambao haukutakiwa.

Mfadhili wenu mwenyewe hulazimika kukaguliwa kwa kupimwa fedha za serikali alizotumia katika mwaka, si alizopokea. Kiwango kilikuwa dola 750,000. Kwa miaka ya fedha iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024 au baadaye, ni dola 1,000,000. Ripoti yake lazima iwasilishwe ndani ya miezi tisa baada ya mwaka kwisha, au siku 30 baada ya kuipokea kwa mkaguzi, lolote litakalotangulia. Ndiyo maana anawasukuma.

Sasa huyo wa nusu bei. Mara nyingi mkaguzi wa namna hiyo hakusoma hadidu za rejea. Amedhani ni ukaguzi wa kawaida wa kila mwaka: kulinganisha benki na daftari, kisha kutoa maoni. Ukaguzi wa ruzuku hutaka zaidi. Apime kama mlifuata masharti ya mkataba, na kama udhibiti wenu wa ndani unafanya kazi. Akigundua hayo katikati ya kazi, ataomba nyongeza au ataandika juu juu. Ripoti ya juu juu mfadhili huirudisha, nanyi mtakuwa mmeshalipa.

Soko la wakaguzi wa aina hii ni jembamba kwa sababu inayoeleweka. Viwango vya ukaguzi vya serikali ya Marekani, maarufu kwa jina la Kitabu cha Manjano, humtaka mkaguzi apate saa 80 za mafunzo kila miaka miwili, 24 kati yake zikihusu mambo ya serikali. Kampuni yenyewe nayo ikaguliwe na kampuni nyingine walau mara moja kila miaka mitatu. Kampuni ndogo yenye mteja mmoja wa aina hii huona mzigo haulipi, ikaacha. Wanaobaki ni wachache, na kalenda zao hujaa mapema. Tangazeni zabuni kabla mwaka wenu wa fedha haujafungwa.

Kila mmoja wa hao watatu aulizwe: leseni yake ya ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, ni ya mwaka huu? Barua ya matokeo ya kukaguliwa kwa kampuni yake iko wapi? Nani hasa watakuja, na watakaa Lamu siku ngapi? Asiyehesabu nauli na malazi ya Lamu hajapanga kuja. Na aliyewaandikia vitabu vya hesabu msimpe kazi, hata akiwa mjomba wa mwenyekiti. Hasa akiwa mjomba wa mwenyekiti.

Mkaguzi ametilia shaka malipo yetu ya mashua ya kwenda Faza, na mshahara wa mratibu. Fedha zilitumika kweli. Tufanyeje? (Katibu, Mokowe)

Ujumbe wa M-Pesa waonyesha nani alilipwa. Hauonyeshi alilipwa kwa lipi. Vocha ya mashua iwe na tarehe, safari ya kutoka wapi hadi wapi, idadi ya abiria, lita za mafuta ikiwa mafuta ni yenu, jina la nahodha, nambari ya kitambulisho na sahihi yake, pamoja na nambari ya muamala. Iambatanishwe na orodha ya waliohudhuria mkutano. Kinachoangusha wengi ni tarehe: orodha ya mahudhurio inasema 12, vocha inasema 14. Kama safari iliahirishwa kwa sababu ya upepo wa kusi, iandikwe siku ile ile. Maelezo yaliyoandikwa baada ya mkaguzi kuuliza hayana uzito.

Mshahara ndio mgumu zaidi. Bajeti ikisema asilimia 40 ya muda wa mratibu ni ya mradi, wengi huandika 40 kila mwezi. Kanuni hutaka kazi iliyofanyika, si iliyokadiriwa. Kama Machi alifanya 25, ni 25. Jedwali la saa lijazwe kila mwezi na kusainiwa na msimamizi anayejua kazi yenyewe. Kwa miezi iliyopita msitunge majedwali mapya. Kusanyeni barua pepe, ripoti za safari na shajara za wakati ule, mkaguzi aamue.

Mradi wetu Malindi ulikatizwa mapema mwaka 2025, fedha za Marekani ziliposimamishwa. Ofisi twaifunga. Twaweza kuchoma makaratasi? (Msomaji, Malindi)

Msichome. Nyaraka huwekwa miaka mitatu, na hesabu huanzia siku ripoti ya mwisho ya fedha ilipowasilishwa, si siku kazi iliposimama. Kama ripoti hiyo haijapelekwa, miaka haijaanza kuhesabiwa. Kukiwa na kesi, madai au hoja ya ukaguzi, zinakaa mpaka yaishe, hata miaka mitatu ikipita. Joto na unyevu wa pwani hufuta risiti za mashine haraka, basi zipigeni picha au nakala sasa, kisha mweke asili ndani ya debe lenye kifuniko. Mkabidhi mtu mmoja funguo na orodha ya majalada, na mfadhili aarifiwe kwa barua ni nani.