Toa nusu, kisha ongeza makaratasi

*Maswali ya wasomaji kuhusu safari. Anayejibu aliwahi kuwa mpagazi, kisha mwongozaji, Mlima Kilimanjaro.*

Shikamoo mjomba. Nina miaka 27, naishi Nyegezi, Mwanza. Nimedunduliza akiba na mwezi wa tano naondoka kwa mwaka mmoja: Zambia, Namibia na Afrika Kusini, kisha Uturuki, halafu Thailand na Vietnam. Nimenunua begi la mgongoni la lita 70. Limejaa na bado vitu vimebaki kitandani: jinzi tatu, viatu jozi nne, koti zito, pasi ndogo, taulo mbili, blanketi. Mama naye amenifungia unga wa sembe na dagaa kilo tatu. Nikilivaa nayumba. Nipunguze nini? – Msafiri mtarajiwa, Mwanza

Marahaba mpwa wangu. Anza kwa kulirudisha hilo begi dukani kama watakubali. Begi la lita 70 litajazwa tu, hata kama huna cha kuweka. Lita 40 au 45 zinakutosha kwa mwaka, kwa sababu unapaki nguo za wiki moja halafu unafua. Likishajaa lisizidi kilo 10. Na ujue kwamba ndege nyingi za bei nafuu kule Asia zinaishia kilo 7 kwa mzigo wa mkononi, na mizani wanayo.

Mizani naijua. Pale geti la Machame mizigo ya wapagazi inapimwa kabla ya kupanda, kilo 20 basi. Mgeni aliyezidisha alikuwa anafungua begi palepale chini, mbele ya kila mtu, anaanza kutoa. Ukitazama watu wakitoa vitu unajifunza mengi. Kitu cha lazima hakisemewi neno, kinarudishwa begini kimya kimya. Kile ambacho hakitaguswa safari nzima ndicho kinachotetewa: "huenda kukawa na mvua kubwa", "huenda tukaalikwa mahali". Basi fanya hivyo hivyo hapo kitandani. Chochote unachokitetea kwa "huenda" kibaki Nyegezi, isipokuwa dawa na makaratasi.

Jinzi zote tatu zitoke. Mwezi wa sita hadi wa nane Cape Town ni msimu wa baridi na mvua, jinzi ikilowa itakaa kambani siku mbili na bado mshono wa kiunoni uko maji. Chukua suruali mbili za kitambaa chepesi kinachokauka usiku mmoja, fulana nne, gauni moja refu la mikono, nguo za ndani za wiki. Hilo gauni lina kazi: mahekalu ya Bangkok hayakuruhusu kuingia mabega na magoti yakiwa wazi, na misikiti ya Istanbul itakutaka ujifunike na kichwa pia.

Hapo ndipo inapoingia khanga. Taulo mbili na blanketi vitoke, doti moja ya khanga iingie, iliyokwisha fuliwa mara kadhaa ikawa laini na inanyonya maji. Kata vipande viwili. Kimoja cha kujifutia. Kingine ni shuka ndani ya basi, pazia la kitanda cha chini kwenye hosteli ya watu wanane, na kilemba cha msikitini. Chagua tu yenye jina la upole, usije ukakutana na Mzanzibari huko hosteli mkaanza kutazamana vibaya.

Koti zito halikusaidii. Wapagazi hawapandi kambi ya Barafu, kule juu Kilimanjaro, na koti moja nene, wanavaa tabaka: fulana, sweta la flisi, kisha jaketi jepesi lisilopitisha upepo wala maji. Ukisikia joto unavua moja. Kwenye baridi kali, kama Istanbul mwezi wa kwanza, unaongeza katikati jaketi la manyoya ya bata, lile ambalo likibanwa linakuwa dogo kama boflo. Usinunue jipya, tafuta la mtumba. Kwetu Moshi tunakwenda soko la Memorial, nyie mna Mlango Mmoja: nenda asubuhi balo likifunguliwa, maana jaketi hizo hazivaliki Mwanza na wauzaji hawazigombanii. Kagua zipu, kagua kwapani. Ila lifungie kwenye mfuko usiopitisha maji, manyoya yakilowa hayana joto lolote.

Viatu: raba moja miguuni, ndala za kuogea begini. Ukitaka jozi ya tatu, jiulize utaiweka wapi. Pasi itoke bila mjadala.

Sasa dagaa. Najua si dagaa tu, ni mama. Lakini unga wa sembe unaupeleka Zambia, ambako nshima ndiyo chakula chao? Afrika Kusini nako utakuta pap. Ugali hautakosa mpaka utakapopanda ndege ya Uturuki, na kufikia hapo unga wa mama utakuwa umepita mipaka mitatu ukiwa mgongoni kwako bure. Dagaa kula nao nyumbani wiki ya mwisho, wote. Harufu yao ikiingia kwenye lile jaketi la manyoya haitoki. Mwombe mama akusagie pilipili kavu, kichupa kimoja kilichofungwa vizuri. Hiyo ndiyo utakayoikumbuka Istanbul.

Nikiingia kwenye makaratasi nitakuwa mrefu kidogo. Orodha nyingi za kupaki begi zimeandikwa na watu ambao pasipoti yao ikionekana tu geti linafunguka. Yako na yangu zinaulizwa maswali. Kwa hiyo sisi tunapunguza nguo, lakini kuna faili ambalo wao hawalihitaji. Weka humo, kwa karatasi na si kwenye simu tu: tiketi inayoonyesha utaondoka nchi hiyo, mahali utakapolala siku za mwanzo, taarifa ya benki ya miezi mitatu, bima ya safari, na barua au hati yoyote inayoonyesha una sababu ya kurudi Tanzania. Ongeza picha za pasipoti dazeni moja, ni rahisi zaidi kupigia hapo mjini. Pasipoti yenyewe ibakiwe na zaidi ya miezi 6 hata siku ya mwisho ya safari, na kurasa tupu za kutosha. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinatambulika kwa maisha yote, kwa hiyo asikudanganye mtu uchanjwe tena. Thailand wanakiulizia kwa wanaotoka kwetu.

Viza za mbali ziulizie kabla hujaondoka, maana balozi nyingi zinataka uombe ukiwa kwenye nchi unayoishi. Ukifika Windhoek ndipo ukumbuke, unaweza kuambiwa urudi Dar.

Tenga pia nguo ya mpakani: blauzi moja safi, isiyo na maandishi, unaivaa siku ya kuvuka tu. Ofisa anakutazama kabla hajakuuliza, na msichana wa Kiafrika anayesafiri peke yake anatazamwa mara mbili. Si haki. Lakini saa nane za usiku ukiwa kwenye foleni si wakati wa kupigania haki, unataka muhuri ukalale.

Laini yako ya simu usiiache. Benki itatuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo hiyo, kwa hiyo washa huduma ya kuitumia nje kabla hujavuka mpaka, na uwe unaiwekea salio, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba akapewa mwingine.

Kupakia kwenyewe: vitu laini na vya usiku chini kabisa. Vizito viwe katikati na vigusane na mgongo, usawa wa mabega, la sivyo begi linakuvuta nyuma, na huko kuyumba kwako nadhani kumetokana na hapo. Nguo zinajaza mbele na pembeni. Jaketi la mvua juu, faili bapa mgongoni. Ukivaa, legeza mikanda yote kwanza. Funga wa kiunoni ukae juu ya mfupa wa nyonga, ukaze, kisha ndipo uvute ya mabegani mpaka iguse tu. Mzigo ubebwe na nyonga. Ukiweza kupitisha vidole viwili chini ya mkanda wa begani bila shida, umepatia.

Mke wangu amesoma barua yako na anasema nimesahau nywele. Anasema usuke kabla ya kuondoka, ubebe pakiti mbili za rasta na mafuta ya nywele kwenye vichupa visivyozidi mililita 100 ili vipite ukaguzi, kwa sababu Vietnam utatafuta msusi mpaka uchoke. Na kikombe cha hedhi badala ya pakiti za pedi za mwaka mzima. Mimi hapo nanyamaza.

Habari ndugu. Mie nipo Mombasa, naanza Dubai, kisha India na Japani, nikifanya kazi kwa laptop. Nina pawabenki ya mAh 30,000. Naweza kuitia kwenye begi linaloshushwa chini ya ndege? Na plagi je? – Kijana wa Likoni

Salama. Chini hapana kabisa, pawabenki inapanda nawe juu. Lakini hiyo yako ina tatizo jingine. Kikomo cha kawaida bila kibali cha shirika la ndege ni saa-wati (Wh) 100. Zidisha 30,000 kwa volti 3.7, gawa kwa 1,000: unapata 111. Ya 20,000 inatoa 74, hiyo inapita. Iuze, nunua hiyo ndogo. Baadhi ya mashirika siku hizi hayataki hata uitumie mkiwa angani.

Plagi yako ya pini tatu bapa itaingia Dubai bila adapta. India ni pini za duara, Japani ni mbili bapa na umeme wao ni volti 100. Soma maandishi madogo kwenye chaja ya laptop: yakisema 100–240V, unahitaji adapta tu. Mashine ya kunyolea ya volti 220 iache Likoni.

Mzee mwenzangu, binti yangu anaondoka mwaka mzima na begi moja. Mimi wasiwasi wangu ni maradhi. Nimwekee dawa gani? – Baba, Tabora

Dawa zake za kawaida, ziwe kwenye maboksi yake ya asili, na barua ya daktari yenye jina lililo kwenye pasipoti. Za maumivu zenye kodeini au tramadoli asibebe ovyo, kwenye nchi za Ghuba zinaweza kumfikisha polisi.

Ila kubwa zaidi hupakii begini. Akipata homa wiki au hata miezi michache baada ya kutoka Tabora, amwambie daktari wa huko, kabla hajaulizwa, kwamba anatoka kwenye malaria na apimwe. Daktari wa nchi isiyo na malaria anaweza kudhani ni mafua.

Na mwaka bila kuumwa na mbu wetu unapunguza ile kinga aliyokua nayo. Atarudi akiwa dhaifu kwa malaria kuliko alivyoondoka, hata kama mwenyewe atasema amezoea. Alale kwenye chandarua tangu usiku wa kwanza, na akisikia homa asimeze panadoli kusubiri kesho. Akapime siku hiyo hiyo.