Barua kwa mwanangu aliye Norfolk, kwenye jeshi la wanamaji la Marekani

Shangani, Mtwara

Mwanangu, somo wa mama yangu,

Sauti yako ya dakika tisa tumeisikiliza mara tatu, na mara ya tatu mama yako alikuwa amesimama, kama mtu anayesubiri tangazo la msiba. Hatujambo. Mguu wangu ni ule ule. Mikorosho ya Naliendele imepukutisha maua kabla ya wakati, lakini hayo tutayaongea ukipiga simu.

Umeniuliza jambo moja: mwaka huu jina lako liende kwenye bodi ya vyeo, au uombe lisipelekwe mpaka umalize masomo yako kule Monterey? Ukanieleza taratibu zote, nami nimeziandika nyuma ya kalenda ili nisizichanganye. Nakusomea nilivyoelewa. Wewe ni Luteni. Cheo kinachofuata ni Luteni Kamanda, ambacho mama yako nimemwambia ni sawa na Meja. Tangu wanajeshi walipokuja kubeba korosho mwaka 2018 yeye anavijua vyeo vyote vya nchi kavu. Sheria yao ya mwaka 1980 inasema ofisa akiangaliwa na bodi mara mbili kwa cheo hicho asichaguliwe, anafungasha, isipokuwa wakuu wenyewe waamue kumbakiza. Na wewe, hata ukijumlisha ile miaka minne uliyokuwa baharia wa kawaida kabla ya chuo cha maofisa cha Newport, hujafika miaka 20 ya pensheni. Halafu ipo hii sheria mpya ya mwaka 2018: ofisa anayesoma, au aliye kwenye kazi maalumu yenye faida kwa jeshi, anaweza kuomba jina lake lisipelekwe mwaka huo, na wakimkubalia hahesabiwi kwamba amekosa. Ila anayeomba awe hajawahi kukosa cheo hicho. Ukishakosa mara moja, mlango huo hupiti tena.

Kama nimekosea mahali utanisahihisha. Mimi nimekwama pale kwenye "hahesabiwi kwamba amekosa". Nililisoma hilo nikaiweka kalamu chini, nikaenda kukaa barazani. Mama yako akauliza, "Umekumbuka Ndundu?" Nikamwambia naota jua tu.

Unakumbuka sare yangu nyeupe, ile iliyokuwa kwenye sanduku la bati. Unakumbuka pia mvua za 1998, maana ulikuwa darasa la tatu na mlikwenda shule kwa miguu mitupu, viatu mkononi. Nadhani hujui habari yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu mimi nilikusimulia nusu, tena nusu iliyonipendeza.

Nilikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia, kwenye tagi, ile boti ya kusukuma meli gatini, mwaka wa kumi na moja. Barua ikaja kutoka makao makuu ya ofisi yetu: nihudhurie usaili Dar es Salaam, Jumanne, saa mbili asubuhi, kwa nafasi ya nahodha msaidizi. Meli ya abiria ilikuwa inaondoka Mtwara Ijumaa jioni. Kwa meli ningefika Jumamosi, nikalala kwa mjomba wako Temeke usiku tatu nzima, nikaingia usailini nimepumzika. Mtu mwenye akili angepanda meli.

Mimi nikataka sare mpya. Ile ya ofisi ilikuwa imepauka, kola imekuwa rangi ya chai ya maziwa, nikasema siendi kusimama mbele ya wakubwa na kola ya namna ile. Nikampelekea fundi wa Chikongola kitambaa, pamba nzito nyeupe, na vifungo saba vya shaba nilivyopewa na baharia mmoja Mgiriki. Fundi akasema Alhamisi. Alhamisi akasema Ijumaa asubuhi. Ijumaa saa tisa mchana nimesimama kwenye kibaraza chake, yeye anatoboa matundu ya vifungo moja moja kwa mkono, kwa sababu nilikuwa nimemwambia sitaki matundu ya cherehani. Mvua inapiga bati. Nikasikia honi.

Mwanangu, honi ile niliijua kuliko adhana ya msikiti wa jirani. Ya kwanza ni kuita abiria. Ya pili ni kamba. Waliozifungua zile kamba ni wenzangu, tagi iliyoisukuma kutoka gatini ni tagi yangu, na mimi nimesimama Chikongola na suruali begani nahesabu matundu. Yalikuwa yamebaki mawili. Unaweza kuamini kwamba nilisubiri yakamilike?

Jumamosi alfajiri nikapanda basi. Daraja la Mkapa lilikuja 2003; wakati ule Rufiji ilivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na kabla ya kufika Ndundu kulikuwa na ile barabara. Mpaka Nangurukuru tulikwenda kwa kusuasua. Baada ya Somanga basi likakaa kwenye tope kama kiboko, halikutaka hata kutikisika. Tulisukuma. Vijana wa kijiji wakaja na majembe, wakatuchimbia, wakalipwa, tukaenda kama mita mia mbili, tukakwama tena, wakatufuata wakicheka na majembe yao begani. Akina mama wakainjika sufuria kando ya barabara. Sare yangu ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, nimeifunga shingoni, nalala nayo hivyo hivyo. Watu wakadhani nimebeba sanda.

Jumatatu usiku tulifika karibu na Ndundu kwa miguu. Mto umejaa, kivuko kimesimama. Jumanne, saa ambayo jina langu lilikuwa linaitwa Dar es Salaam, nilikuwa namsihi mwenye mtumbwi. Akakubali. Tulipokaribia ng'ambo nikasimama kabla ya wakati, kwa haraka ya kushuka. Serahangi wa miaka kumi na moja, anayewafokea vijana kila siku wasisimame kwenye boti, nikasimama kwenye mtumbwi. Nilitua majini mpaka kifuani na mfuko ukapasuka. Basi.

Ofisini nilifika Jumatano saa sita. Karani akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole. Mbele ya jina langu neno moja kwa wino wa bluu: Hakufika. Nikamwomba aandike sababu. Akanigeuzia daftari nione mwenyewe, wala hakuwa mtu mbaya: safu ya jina, safu ya namba ya ajira, safu ya alama, basi. Akasema, "Mzee, pa kuandikia sababu hapapo." Nilikuwa na miaka thelathini na nane, akaniita mzee. Nadhani ni kwa sababu ya tope.

Faili halina mdomo. Umenisikia nikisema hivyo tangu uko mtoto, kaka yako wa Masasi ananiigiza mpaka leo, lakini nilianza kusema siku ile, kwenye kaunta ile. Faili halina mdomo, mwanangu. Linasema ulichoandikwa, halisemi kilichokupata.

Na haikuishia hapo. Ninyi mna ripoti ambayo ofisa anaisoma na kuitia saini, na kama haridhiki anaweza kuweka maelezo yake. Sisi mpaka OPRAS, ule mfumo wa wazi wa kupima watumishi wa umma, ilipoingia mwaka 2004 tulikuwa na ripoti za siri: mkubwa anajaza, anafunga bahasha, wewe unaona matokeo tu. Miaka miwili baadaye mtu wa masjala, Mungu amrehemu, alininong'oneza ya kwangu ilisema nini. "Hana ari ya kupanda." Mimi, niliyevuka Rufiji na nguo shingoni.

Haya, sasa ngoja nijibishane mwenyewe, maana nakusikia ukisema, "Baba, lakini meli ulikuwa nayo." Kweli. Miaka yote nimesema ilikuwa mvua. Mvua haikuniweka kwenye kibaraza cha fundi. Nikasema ilikuwa fundi. Fundi aliniambia mapema kwamba matundu ya mkono yatachukua muda. Basi ni mimi. Lakini tena, ofisi iliyojua nchi nzima imejaa maji ingeshindwa nini kusogeza usaili wiki moja? Mwenzangu wa Tanga alifika kwa lami. Hapo hasira inarudi upya, nakuandikia na kalamu inatoboa karatasi. Kisha nakumbuka wenzangu wawili wa hapa hapa Mtwara waliopanda ile meli na sare zao zilizopauka, na mmoja akapata.

Ndiyo maana uliponieleza bodi yenu inavyofanya kazi sikulala. Kwamba wanakaa Millington, Tennessee, mahali pasipo hata harufu ya bahari, ni kama sisi mabaharia wa Mtwara tupimwe Dodoma. Kwamba wanaingia kwenye chumba chenye giza mnachokiita tangi, mmoja anaelezea rekodi ya ofisa, wengine wanatazama skrini, halafu kila mtu anaingiza mkono kwenye kisanduku ili jirani yake asione anabonyeza nini: sifuri, 25, 50, 75, 100. Na kwamba mwaka 2020 waliiondoa hata picha ya ofisa. Mimi niliyeikosa meli nikishonewa nguo ili bodi inione, mtoto wangu anapimwa na bodi isiyotaka kumwona. Nilicheka peke yangu gizani mpaka mama yako akawasha taa.

Lakini ulisema jambo moja kwa haraka, kama halina uzito: kwamba ofisa anayeangaliwa anaruhusiwa kumwandikia barua mwenyekiti wa bodi, na barua inasomwa. Umelipita hilo kama mtu anayepita kibao cha "Karibu Lindi". Rudi hapo! Kama ripoti ya meli ya mwisho ina pengo, kama miezi ya masomo inaonekana kama miezi ya kukaa bure, wewe unayo safu ambayo karani wangu hakuwa nayo.

Nimesema hivyo, sasa utadhani nakuambia jina liende. Sijasema. Maana upande wa pili nao nauona. Kuomba jina lisipelekwe, kwa sababu inayojulikana, kwa karatasi iliyosainiwa na wakubwa, siyo sawa na kuandikwa Hakufika. Ingekuwa mimi nimepewa nafasi ile mwaka 1998, niseme mvua imezidi, nihesabuni mwakani, ningeichukua kwa mikono miwili. Halafu nasema: je, mwakani ningekwenda? Au ningetafuta kitambaa kingine? Ndicho kinachonisumbua. Wewe mwenyewe umesema masomo ni sababu. Baba yako anauliza kama ni sababu au ni matundu ya vifungo. Nakuuliza kwa sababu nilikusikia ukisita pale ulipotaja wale wenzako wawili waliokosa mwaka jana, na sauti ikawa ile ya darasa la tatu.

Siku ile niliporudi kutoka Dar, wewe na mama yako mliitia sare kwenye beseni kwa sabuni ya mche. Tope la Rufiji halikutoka kabisa, mpaka leo pindo la suruali lina rangi ya mchanga. Ulikuwa umechutama, povu mpaka kwenye viwiko, ukaniuliza, "Baba, umepata?" Nikasema, "Bado wanahesabu." Ukanisubiri. Ulikuwa unaniuliza kila Ijumaa, halafu kila mwezi, na ulipofika kidato cha kwanza ukaacha kuuliza, nami sikujua kama umesahau au umejua. Basi nakujibu leo. Sikupata. Sikuingia hata kwenye chumba.

Picha yako ya Newport ipo ukutani, ile ya sare nyeupe. Wageni wakija huwa naigusa kidogo kama naiweka sawa, ili waulize. Mistari yako miwili minene naijua, na umeniambia cha Luteni Kamanda kinaongeza mstari mmoja mwembamba katikati ya hiyo miwili. Mwembamba! Usingizi wote huu kwa mstari kama mshipi wa kuvulia changu.

Nimejizuia kukuambia la kufanya, na kujizuia huku kunaniuma kuliko mguu. Wewe unaujua mkondo wa huko, mimi najua wa hapa Msangamkuu tu. Andika sababu zako kwenye karatasi moja, upande mmoja zile ambazo ungemwambia mkuu wako, upande mwingine zile ambazo ungeniambia mimi peke yangu, uitume picha yake. Mwisho wa kupeleka maombi hukuutaja. Utaje.

Vifungo vya Mgiriki vimebaki sita. Nilitaka kuvituma kwa yule kijana wa Chuno anayerudi huko mwezi ujao, nikaona utaniuliza ni vya nini.

Mama yako ameisoma barua hii yote. Anasema kurasa zote hizi ni za kukwepa neno moja, niandike "peleka jina" nifunge bahasha. Nimekataa kuandika. Anasema basi niandike kwamba yeye amesema.

Baba yako