Mama Hatapanda Ndege

Ndugu yangu,

Nimesikiliza mara tatu ujumbe wa sauti mlionitumia baada ya kikao cha Jumapili hapo Kayole, ambamo mmekubaliana kwamba Mama aletwe Uingereza kutibiwa saratani ya mapafu kwa kuwa, kama alivyosema mjomba, huku matibabu ni bure na mimi ninafanya kazi hospitalini. Mimi sifanyi kazi hospitalini. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Leeds, zamu ya usiku, na kazi yenyewe ni kuwaosha, kuwabadilisha nepi na kuwainulia mito wanapobanwa na kifua. Kosa la kutowaambia ni langu. Niliwaacha mwendelee kusema kwamba niko katika mambo ya afya kwa sababu niliona Mama anavyolitamka neno hilo kanisani.

Hiyo bure mnayoisikia haimhusu mgeni. Anayekuja kwa viza ya matembezi hutozwa na hospitali za umma za England asilimia 150 ya gharama ya matibabu yake, na akibaki na deni la paundi 500 au zaidi, habari zake hufikishwa kwa idara ya uhamiaji. Ipo viza halali ya kuja kutibiwa, lakini ni lazima uonyeshe kwamba fedha zote unazo. Ama shauri la mjomba kwamba Mama aseme anakuja kuwaona wajukuu, halafu akohoe mbele ya daktari akishafika, tafadhali lisirudiwe tena: udanganyifu kwenye maombi ya viza unaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 10. Nami viza yangu imefungamanishwa na mwajiri, na mwaka 2025 nililipwa paundi 12.21 kwa saa, ambacho wakati huo kilikuwa kima cha chini cha sheria. Fanyeni hesabu wenyewe, kisha muondoe kodi ya nyumba.

Tuseme basi juu ya hospitali za Nairobi, kwa maana ndiko Mama atakakotibiwa. Mnabishana kama ni Kenyatta, Aga Khan au ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, utadhani mnachagua ukumbi wa harusi. Hakuna hata mmoja wenu aliyetaja jibu la maabara. Mmesahau upesi hivyo? Kliniki moja ilimpa Mama dawa za kifua kikuu kwa miezi minne kwa sababu ya kivuli kwenye picha ya eksirei, ilhali makohozi yake hayakuonyesha kijidudu chochote, na miezi hiyo hairudi. Nilituma fedha za dawa hizo bila kuuliza swali, kwa hiyo siwalaumu ninyi peke yenu.

Saratani ya mapafu ina makundi mawili makubwa. Ile ya seli ndogo husambaa upesi na ni nadra kufanyiwa upasuaji. Ile nyingine, isiyo ya seli ndogo, ndiyo huwapata takriban wagonjwa 85 kati ya 100, nayo ikiwahiwa yaweza kukatwa. Mama hajapata kushika sigara, ila amekaanga maandazi juu ya jiko la kuni na la makaa tangu sisi wadogo. Kwa wasiovuta sigara, uwezekano wa kukuta mabadiliko katika jeni iitwayo EGFR ni mkubwa zaidi, na yakipatikana huenda akatibiwa kwa kidonge cha kila siku badala ya dripu za kemotherapia. Basi ulizeni kama kipande cha uvimbe walichomkata kwa ajili ya maabara kimepimwa jeni. Kipande hicho huhifadhiwa ndani ya kibonge cha nta. Ombeni kibonge na vioo vyake vya darubini pamoja na ripoti ya patholojia, yaani jibu la maabara, kwa sababu hivyo vinaweza kupelekwa kwa bingwa mwingine, hata India, huku Mama akiwa amelala kitandani kwake.

Mkishapata jibu hilo, nendeni hospitali ambayo mpasuaji wa kifua, daktari wa saratani na daktari wa mionzi huketi pamoja kumjadili mgonjwa mmoja. Ulizeni mpasuaji hupasua mapafu mara ngapi. Asiyependa swali hilo, mshukuruni na muondoke. Ulizeni pia SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani na kipi kitabaki mfukoni mwetu. PET skani, ile picha ya kuonyesha saratani imefika wapi mwilini, ipo Aga Khan na ipo Kahawa, hakuna haja ya kuvuka bahari kuitafuta. Jambo ambalo watu hulipuuza ni barabara: akihitaji mionzi pamoja na dawa, mara nyingi ni mara 30, siku 5 kwa juma, kwa majuma 6. Hebu mfikirie mwanamke asiyemaliza ngazi mbili bila kupumzika, akiwa kwenye foleni ya barabara ya Outer Ring saa kumi na moja jioni kila siku. Hospitali iliyo bora kidogo lakini inayommaliza njiani si bora.

Msikurupuke kusaini chochote wiki hii. Lakini pia msikae mkisubiri harambee ikamilike, kwa maana mmeshasubiri vya kutosha. Na habari za kumpeleka India sitaki kuzisikia. Nyumba ngapi tunazijua zilizouza shamba, zikarudishiwa jeneza? Hata hivyo, madaktari wakiketi na kusema upo upasuaji unaomfaa ambao hapo hautafanyika, nitalipa tiketi mbili bila kuuliza.

Nina paundi 2,300 nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya viza. Nitatuma 1,500, nazo zitaingia kwenye akaunti ya hospitali moja kwa moja, si kwenye simu ya mtu, hata yako. Ukikasirika, kumbuka paa la nyumba ya kijijini.

Siku ya kumwona daktari, iweke simu mezani ikiwa wazi. Saa tano asubuhi za huko nitakuwa nimetoka zamu, hata kama sijavua sare. Na Mama akiuliza kwa nini haji kwangu, usimtungie sababu. Mpe simu nimwambie mwenyewe kazi ninayoifanya.

Dada yako